Mhakiki na Vitabu Vyake: Usomaji wa George Orwell

Mwezi wa Mei 1946 gazeti la Tribune la London lilitoa insha fupi ya George Orwell juu ya maisha ya mhakiki wa vitabu. Anayeonyeshwa humo ni mtu wa miaka 35 ambaye kwa sura hudhaniwa wa 50. Kichwa kina upara, mishipa ya miguu imevimba, na miwani yake, nayo ni moja tu, hupotea kila siku. Saa tano na nusu ya asubuhi yu katika chumba cha baridi, kimejaa vipande vya sigara na vikombe vya chai isiyokwisha. Mbele yake pana furushi la vitabu vitano alivyoletewa na mhariri, ambaye anatumaini kwamba vitapatana vikitajwa pamoja. Kimoja kinahusu Palestina. Cha pili ufugaji wa kisayansi wa ng'ombe wa maziwa. Cha tatu ni historia ya demokrasi ya Ulaya, nacho kina kurasa 680. Cha nne kinaeleza desturi za makabila ya Afrika ya Mashariki ya Wareno. Na cha tano ni riwaya ambayo yamkini ilitiwa humo kwa makosa. Tahakiki ya maneno 800 yatakiwa kesho yake adhuhuri.

Vitabu hivyo vitano ni vya kubuni, na Orwell alivichagua ili msomaji wake acheke. Kile cha nne kimewekwa kama mfano wa jambo lililo mbali kabisa na akili ya mtu wa London. La mbali zaidi ya hilo halikumjia. Walakini Afrika ya Mashariki ya Wareno ndiyo Msumbiji, ambayo pwani yake ya kaskazini ina wasemaji wa Kimwani, na ambako katika karne ya 19 barua za Kiswahili ziliandikwa kwa hati za Kiarabu. Kwa msomaji wa upande huu kitabu kama hicho ni habari ya jirani, na pengine ya ndugu. Orwell anasema kwamba mhakiki wake ni mjinga wa mambo ya vitabu vitatu katika vile vitano, hata itambidi asome walau kurasa 50 za kila kimoja ili asije akatoa kosa la kuaibisha. Kurasa 50 ndizo kinga ya heshima ya mhakiki. Heshima ya wale waliosimuliwa kitabuni haina kinga yo yote. Jambo hili Orwell hakulitaja, na si haki kumlaumu sana, kwa kuwa insha yake ilikusudia jingine. Ila ni vema likumbukwe tangu mwanzo, maana vitabu vingi juu ya Afrika vilipimwa kwanza mezani kama ile.

Swali la makala haya ni jepesi kulitamka, na jawabu lake si jepesi. Mtu aliyesoma kwa ujira namna hiyo, mwaka baada ya mwaka, alihifadhije ladha yake? Aliyeandika insha ile hakuwa akimcheka mtu mwingine. Eric Arthur Blair, ambalo ndilo jina lake la kuzaliwa, alizaliwa mwaka 1903 huko Motihari katika Bihara, akatumika katika polisi ya Burma tangu 1922 hata 1927, na kuanzia 1930 alikuwa akiandika tahakiki katika Adelphi, kisha katika New English Weekly, Time and Tide, Observer, Manchester Evening News na Tribune yenyewe. Tangu mwisho wa 1943 hata mwanzo wa 1945 alikuwa mhariri wa fasihi wa Tribune, maana yake alipokea mafurushi na kuyapeleka pia. Mwaka 1947 alikiri hadharani kwamba alikuwa mhariri mbaya: madroo yake yalijaa miswada ambayo hakuweza kuichapa, wala hakuwa na moyo wa kuirudisha, kwa sababu yeye mwenyewe alijua uchungu wa kurudishiwa. Ni kukiri kwa ajabu kwa mtu ambaye kalamu yake ilijulikana kwa ukali.

Mali yake ya vitabu yajulikana kwa hesabu, maana aliihesabu mwenyewe katika Tribune ya Februari 1946, akitaka kuonyesha kwamba kusoma si anasa ya matajiri. Nyumbani mwake mlikuwa na vitabu 442. Katika hivyo 251 alivinunua, vingi vikiwa vimekwisha tumika. 33 alipewa au alivinunua kwa hati za zawadi. 143 vilitoka kwa wahariri na wachapaji. 10 aliviazima asivirudishe. Na 5 alikuwa navyo kwa kuazima kwa muda. Akachukulia kuwa mahali pengine alikuwa na vingine kiasi hicho hicho, na jumla, karibu 900, akaikadiria kuwa imemgharimu pauni 165 na shilingi 15 kwa muda wa miaka 15 hivi. Shabaha yake ilikuwa kulinganisha gharama hiyo na ya tumbako na bia, na vitabu vikashinda kwa urahisi wa bei. Lakini orodha hiyo yasema zaidi ya alivyokusudia. Chini ya thuluthi ya vitabu vilivyokuwa rafuni pake ndivyo vilivyomjia kwa kazi. Maelfu ya kurasa alizozisoma kwa ujira zilipita mikononi mwake zikaenda zake. Vilivyobaki ni vile alivyovitafuta. Na vile 10 vya kuazima bila kurudisha visidharauliwe: hakuna ushahidi wa mapenzi ya kitabu ulio wazi kuliko huo, ijapokuwa wenye vitabu wana neno lao.

Alikuwa pia amewahi kuviona vitabu kwa jicho la mwuzaji. Kutoka Oktoba 1934 hata Januari 1936 alifanya kazi katika duka la vitabu vikuukuu huko Hampstead, duka lililokuwa na maktaba ndogo ya kuazimisha kwa malipo. Katika insha aliyoitoa mwaka 1936 alieleza kwamba humo ndimo mtu ajifunzapo tofauti kati ya vitabu ambavyo watu husema wanavipenda na vile ambavyo huvichukua kweli. Dickens kila mtu alimsifu na kukusudia kumsoma siku moja, naye akabaki rafuni na vumbi lake, Ethel M. Dell alitoka kila siku. Duka lile, asema, lilimwondolea mapenzi ya vitabu kwa kitambo, kwa sababu vitabu elfu tano au kumi kwa pamoja humchosha mtu, na mwuzaji hulazimika kuvisemea uwongo. Baada ya hapo hununua kimoja kimoja, kile tu ambacho ataka kukisoma na hawezi kukiazima. Basi ladha yake ilikuwa imetiwa majaribuni mara mbili, kwanza na duka, tena na mafurushi.

Iliyomwokoa, kwa kadiri maandishi yake yaonyeshavyo, ni desturi ya kurudia. Msomaji wa ujira husoma kitabu mara moja, au chini ya mara moja. Orwell alikuwa na vitabu vichache alivyovisoma tangu utotoni na kuvirudia mpaka mwisho. Safari za Gulliver, kitabu cha Swift, aliwekewa kama zawadi ya siku yake ya kutimiza miaka minane, naye akakiiba usiku wa kuamkia siku hiyo ili asingoje, na katika 1946 alisema kwamba tangu hapo amekisoma si chini ya mara sita. Dickens alimrudia hata akaweza mwaka 1940 kuandika juu yake insha ndefu iliyo kama kitabu kidogo, nayo yaonyesha mtu ajuaye rangi ya kila kizibao na chakula cha kila karamu katika riwaya zile. Gissing, ambaye vitabu vyake vilikuwa adimu kupatikana, alimtetea mwaka 1948. Katika wa zama zake mwenyewe alimtaja Somerset Maugham kuwa ndiye aliyemfunza zaidi, kwa jinsi alivyosimulia hadithi pasipo mapambo. Hakuna la kushangaza hapo kwa mtu aliyechukia mapambo. La kushangaza ni kwamba pamoja na Maugham alimpenda James Joyce, ambaye mapambo yake hayana mwisho.

Vitabu hivyo vya kurudiwa vilikuwa ndiyo mawe yake ya mizani. Mwaka 1936, katika kuitetea riwaya, alilalamika kwamba wahakiki wa Kiingereza wameziharibu sifa hata hazina thamani tena. Kila siku hutoka riwaya kumi na tano, na kila moja huitwa kazi kuu. Mhakiki, asema, akishika mizani ya haki, riwaya ya kawaida haitaonekana kabisa katika mizani hiyo. Ni kama kumpima kiroboto kwa mizani iliyofanyizwa kwa ndovu. Hapo mhakiki hushika njia mbili mbaya: hunyamaza, akakosa ujira, au huishusha mizani mpaka kiroboto kionekane, kisha siku ndovu ajapo hana neno la kumwambia. Shauri lake la 1936 lilikuwa riwaya zipangwe kwa madaraja, ijulikane kuwa kitabu fulani ni chema katika daraja lake. Katika 1946 shauri lake limekuwa kali zaidi: vitabu vilivyo vingi viachwe bila kutajwa, na vile vichache vyenye maana vipewe tahakiki ndefu, maneno 1,000 yakiwa ndiyo kiasi cha chini.

Mwana-isimu atavutwa zaidi na tarehe kuliko shauri. Insha yake mashuhuri juu ya siasa na lugha ya Kiingereza, ambamo alishutumu mafungu ya maneno yaliyotengenezwa tayari, ilitoka katika Horizon ya Aprili 1946, mwezi mmoja tu kabla ya insha ya mhakiki. Na katika insha ya mhakiki aeleza jinsi, saa ya mwisho ikikaribia, maneno makuukuu hujipanga yenyewe kama vumbi la chuma mbele ya sumaku. Aghalabu wasomi huisoma insha ya kwanza kama shutuma juu ya wanasiasa. Ikisomwa pamoja na ya pili yaonekana kwamba ugonjwa ule Orwell aliujua kwanza mezani pake, katika vidole vyake mwenyewe. Kiswahili hakikusalimika. Mtu akikusanya tahakiki za vitabu vya Kiswahili atakutana na lugha tamu, na mchango mkubwa, na kitabu kitakachowafaa walimu na wanafunzi, hata atajiuliza kama wahakiki wote hao walisoma kitabu kimoja. Na hali neno lenyewe lawashuhudia: kuhakiki kumetoka katika shina lile lile la Kiarabu lililozaa haki na hakika. Mwenye kuhakiki hutafuta lililo kweli. Kusifu kuna neno lake.

Orwell hakuwa hodari popote. Mwaka 1940 aliyachunguza magazeti ya hadithi ya wavulana, ambayo wahakiki wenzake wasingeyashika kwa ncha ya kidole, na ni fahari yake kwamba aliyasoma kwa uangalifu ule ule aliompa Dickens. Akahukumu, kwa kuangalia mtindo, kwamba hadithi zilizoendelea kwa miaka 30 haziwezi kuwa kazi ya mtu mmoja, na kwamba kwa hiyo mtindo ule umefanyizwa makusudi uwe rahisi kuigwa. Frank Richards, mwenye hadithi zile, akajibu katika Horizon hiyo hiyo kwamba mtu huyo mmoja ndiye yeye. Kosa hili lastahili kukumbukwa na kila anayetaka kutambua mtunzi kwa mtindo peke yake, na wenye kuhariri tenzi za kale zisizo na jina la mtunzi wasijione wa mbali. Orwell aliona kurudiwa kwa maneno, akadhani ni dalili ya mikono mingi. Kumbe kurudia ndiyo ishara ya mkono mmoja uliochoka.

Novemba 1945 aliandika juu ya vitabu alivyoviita vyema-vibaya, jina alilolitwaa kwa Chesterton: vitabu visivyodai kuwa fasihi lakini hubaki vikisomeka wakati vilivyo vizito vimekwisha kufa. Hadithi za Sherlock Holmes zimo. Mfano wake mkuu ni Uncle Tom's Cabin, kitabu anachokiri kuwa mara nyingine chachekesha pasipotakiwa, na bado ahesabu kuwa kitaishi kuliko kazi zote za Virginia Woolf, ijapokuwa hajui kipimo cho chote cha kifasihi kitakachoonyesha ubora huo ni upi. Kuhusu Virginia Woolf alikosea, kwa sababu anasomwa leo kote ulimwenguni. Lakini neno la maana ni lile la mwisho. Mhakiki aliyesoma vingi kuliko karibu wote wa zama zake asema hana kipimo. Mwaka 1947, alipomtetea Shakespeare mbele ya shutuma za Tolstoy, alilisema waziwazi: shairi halitetewi kwa hoja, hujitetea kwa kudumu, na kudumu ni ishara tu ya rai ya walio wengi.

Hapa ndipo nadharia yake iwezapo kukubaliwa Uingereza na kukataliwa pwani. Kudumu kwa kitabu ni hukumu ya wasomaji mahali ambapo kila kitabu kimepata nafasi sawa ya kudumu: kimechapwa, kimewekwa katika maktaba, kikangojea. Fasihi ya Kiswahili ya hati za Kiarabu ilidumu kwa mikono ya wanakili, katika hewa ya chumvi na mbele ya mchwa. Utenzi uliofika hadi zama hizi umefika kwa kuwa pana mtu aliyeunakili, na pengine kwa kuwa mgeni aliununua akaupeleka Ulaya. Uliopotea haukuhukumiwa na mtu. Hata baada ya mtambo wa kuchapa kuenea, kitabu cha Kiswahili kimeishi au kufa kwa kadiri kilivyoingizwa katika orodha za shule. Kipimo cha Orwell, kikiletwa huku bila kutengenezwa, kitageuza ajali kuwa sheria na kuwapa mchwa kiti cha mhakiki. Alichokiona kwa usahihi ni kwamba hoja haitoshi. Alichokisahau ni nani mwenye ghala.

Upo ushahidi wa karibu wa hatari iliyo kinyume, yaani ya mhakiki mwenye kipimo kimoja kilicho wazi mno. Kamati ya Lugha ya Afrika ya Mashariki, iliyoanzishwa mwaka 1930 na ambayo kazi yake iliurithiwa na chuo cha uchunguzi cha Dar es Salaam mwaka 1964, ilisoma miswada ya Kiswahili na kuipa idhini vitabu vilivyofuata lugha sanifu. Wasomaji wake walikuwa waangalifu kuliko mhakiki wa furushi, na hawakuridhika na kurasa 50. Lakini walichotafuta katika kurasa zote ni tahajia, sarufi na msamiati. Mswada uliweza kupita bila mtu kusema kama ameupenda. Orwell asingeweza kufanya kazi hiyo kwa siku moja, na pengine lugha sanifu isingepatikana kama kazi hiyo ingeachiwa watu kama Orwell.

Juu ya mapenzi na chuki aliandika maneno yake ya wazi kabisa katika 1948. Rai ya kwanza ya mtu juu ya kitabu, alisema, ni nakipenda au sikipendi. Sheria hufuata nyuma kuja kuihalalisha. Hilo si udanganyifu. Udanganyifu ni pale mtu asemapo kitabu ni chema kwa sababu kiko upande wake. Yeye mwenyewe alikwisha kuonja adhabu ya kukataa kusema hivyo. Mwaka 1937, aliporudi kutoka vita vya Hispania na jeraha la risasi shingoni, alikihakiki kitabu cha Franz Borkenau juu ya vita hivyo kwa ajili ya New Statesman, akakisifu. Tahakiki ikakataliwa kwa kuwa ilipingana na msimamo wa gazeti, ikatoka katika Time and Tide mwezi wa Julai. Na Machi 1940, Uingereza ikiwa vitani, alikihakiki kitabu cha Hitler katika New English Weekly, akakiri kwamba hakuweza kumchukia mtu huyo kwa nafsi yake, ingawa angemwua kama angeweza kumfikia. Wahakiki wengi wangeandika nusu ya pili tu. Nusu ya kwanza ndiyo ifanyayo tahakiki hiyo isomwe hata leo, kwa sababu yaeleza kitu ambacho chuki haiwezi kukieleza: jinsi maneno yale yalivyowavuta watu.

Wasomaji wa Kiswahili walimpata Orwell hasa katika Shamba la Wanyama, tafsiri ya Fortunatus Kawegere iliyotoka mwaka 1967. Hadithi ya wanyama wasemao haikuwa ngeni kwao, na kwa hiyo ilikaribishwa kwa urahisi. Nyuma ya hadithi hiyo yupo Swift, aliyeibwa usiku mmoja na mtoto wa miaka minane. Na Swift ndiye mtihani mgumu kuliko wote aliojiwekea. Katika insha ya 1946 alizikataa moja moja rai za Swift juu ya sayansi, juu ya uhuru, juu ya mwili wa mwanadamu, akamwona ni mtu mgonjwa wa nafsi. Kisha akasema kwamba kama vitabu vyote vya ulimwengu vingeteketezwa isipokuwa sita, kimoja katika sita hivyo angekichagua kiwe cha Swift. Hakujaribu kuzipatanisha hukumu hizo mbili kwa ujanja. Aliziweka zote mbili, akamwachia msomaji uzito wake.

Katika mwaka 1949, akiwa mgonjwa wa kifua kikuu katika sanatoria ya Cranham na baadaye katika hospitali ya London, hakuwa tena na wajibu wa mafurushi, lakini alisoma mfululizo, akaandika orodha ya vitabu mwezi hata mwezi. Kazi aliyokuwa akiishughulikia ilikuwa insha juu ya Evelyn Waugh, mwandishi ambaye siasa yake na dini yake zilikuwa kinyume cha zake. Katika maandalio yake aliandika kwamba Waugh ni hodari wa riwaya kwa kadiri mtu awezavyo kuwa hodari hali ameshikilia rai zisizoshikika. Alikufa tarehe 21 Januari 1950, na insha hiyo hakuimaliza.